Afya ya Nyumba: Kutolewa Vijiti vya Uzazi, na Maumivu Yasiyo na Haja



Mwezi huu twataka kuzungumza jambo ambalo wanawake hulisema jikoni kwa sauti ya chini, na wanaume hulisikia nusunusu, au hawalisikii kabisa. Nalo ni habari ya vile vijiti vya kuzuia mimba vinavyotiwa mkononi chini ya ngozi, na hasa habari ya siku ile ya kuvitoa. Hatukusudii kutoa hukumu ya sheria juu ya kupanga uzazi. Jambo hilo lina wenyewe, nao ni wanavyuoni wetu, na kila mume na mkewe wanajua waliuliza nini na wakajibiwa nini. Maneno yetu yamhusu yule bibi ambaye vijiti vimekwisha kuwamo mkononi mwake, na leo ataka vitoke. Je, ni lazima aumie? Na akiumia, je, yatupasa kumwambia anyamaze?

Kilichotufanya tuandike ni hiki. Katika mtaa wetu mna ndugu wawili, wanawake, wote wameolewa na wote wana watoto. Mkubwa alitiwa vijiti viwili baada ya kuzaa mtoto wake wa tatu. Mdogo alitiwa kimoja. Muda ulipokwisha, mkubwa alikwenda kliniki ili vyake vitolewe. Ilikuwa siku ya watu wengi, na mhudumu alikuwa mmoja. Alidungwa sindano ya ganzi, na pale pale, ganzi haijashika, kisu kikapita. Akashtuka, akalia. Akaambiwa, "Mama, wewe umezaa watatu, hiki ndicho kikushinde?" Basi akauma upindo wa mtandio wake, akanyamaza. Kijiti cha kwanza kikatoka. Cha pili kikakataa, kikatafutwa kwa koleo muda ambao yeye mwenyewe hawezi kuukadiria, kwa kuwa alikuwa amefumba macho. Alirudi nyumbani mkono umevimba, na weusi umeshuka mpaka kwenye kiwiko. Mumewe alipouona akasema, "Si wewe mwenyewe uliyevitaka?"

Mkono ulipona. Maneno yale mawili, la kliniki na la nyumbani, anayo hata leo.

Lakini habari haikuishia kwake. Mdogo wake alimwona aliporudi siku ile, akaapa kuwa chake hakitatolewa. Muda wake ukapita, na mwaka mwingine ukapita, naye kila akiambiwa aende hupata udhuru: mara mtoto mgonjwa, mara wageni wamekuja. Mwisho akamwambia mumewe, "Heri nizikwe nacho." Tena akasikia kwa mashoga zake kuwa wako wanawake wanaojaribu kujitolea wenyewe kwa wembe nyumbani, akaanza kuulizia habari hiyo. Hapo mumewe akaingiwa na hofu. Alitujia barazani baada ya sala ya isha, akakaa kitambo asiseme kitu, kisha akauliza, "Bwana, ni kweli kutoa kitu hiki ni kama kuchinjwa?"

Hatukuwa na jibu. Twalikwenda kuuliza kwa wajuao kazi, na kusoma yaliyoandikwa na matabibu, na tuliyoyakusanya ndiyo haya.

VIJITI HIVI NI NINI

Vijiti hivi ni vyororo, vyaweza kupindika, na unene wake wakaribia ule wa njiti ya kiberiti. Ndani yake mna homoni inayotoka kidogo kidogo na kuingia katika damu. Aina ya kijiti kimoja ina urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2. Aina ya vijiti viwili ni mirefu zaidi kidogo. Hutiwa upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, katika ule mkono ambao mtu haufanyii kazi sana. Kila aina ina muda wake, miaka 3 au 5 au kadiri hiyo, na muda huo huandikwa katika kadi anayopewa mwenyewe.

Aina ya kwanza iliyoenea duniani iliitwa Norplant, nayo ilikuwa na vijiti 6. Finland iliiruhusu mwaka 1983, na Marekani mwaka 1990. Watu waliisifu sana, kwani kazi ya kuitia ilikuwa nyepesi. Lakini siku za kuitoa zilipofika malalamiko yakaanza. Vijiti 6 vilitafutwa kimoja kimoja, na wengi waliojua kutia walikuwa hawajazoea kutoa. Wako wanawake waliotolewa kwa dakika chache, na wako waliokaa juu ya kitanda kwa saa nzima. Maelfu ya wanawake wa Marekani walikwenda mahakamani, na miongoni mwa mashitaka yao yalikuwa maumivu na makovu ya siku ya kutolewa. Mwaka 2002 ilitangazwa kuwa Norplant haitauzwa tena huko. Vikaja vijiti viwili, kisha kimoja, na sababu mojawapo ya kupunguza hesabu ilikuwa kurahisisha kazi hiyo ya kutia na kutoa.

Mwaka 2013 bei ya vijiti viwili kwa nchi maskini ilishushwa kutoka dola 18 hadi dola 8 na nusu, na bei ya kijiti kimoja nayo ikashushwa. Ndipo vilipoenea katika Afrika, hata zahanati za vijijini zikawa navyo. Sasa na tufanye hesabu nyepesi ambayo mtoto wa chuo aiweza: kila kilichotiwa, siku moja kitatakiwa kitoke. Basi aliyetia amejifunga kwa ahadi ya kutoa, na ahadi ni deni. Si haki kuwa na mikono mingi ya kutia na mikono michache ya kutoa.

KAZI YENYEWE IKIFANYWA SAWASAWA

Kwanza kabisa, mhudumu hashiki kisu. Hushika mkono wa mgonjwa kwa vidole vyake, akakitafuta kijiti chini ya ngozi mpaka akakisikia mwanzo wake na mwisho wake. Asipokisikia, hakati. Neno hili twataka wasomaji walihifadhi, nasi tutalirudia.

Pili, huisafisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha hupiga sindano ya ganzi. Sindano hii huchoma na kuunguza kidogo kwa muda mfupi, na huu ndio uchungu ambao mgonjwa yampasa kuutazamia. Ikipigwa polepole, kwa sindano nyembamba, uchungu wake hupungua. Ganzi hutiwa kidogo tu, chini ya ile ncha ya kijiti iliyo karibu na kiwiko. Haitiwi juu yake, kwa sababu ngozi ikivimba kwa dawa kijiti hufichika, na kazi ikawa ngumu kwa wote wawili.

Tatu, hungoja. Hapa ndipo bibi wa mtaani kwetu alipodhulumiwa. Ganzi yataka dakika chache kushika. Kisha mhudumu huifinya ile ngozi, au huigusa kwa kitu chenye ncha, akauliza, "Wasikia uchungu?" Mgonjwa akisema ndiyo, huongezewa dawa au hungojwa tena. Hakuna kukata kabla ya jibu la "sisikii."

Nne, huikandamiza ncha ya kijiti iliyo upande wa kwapa, ile nyingine ikatokeza karibu na kiwiko. Hapo hupasuliwa kijitundu cha milimita chache tu, na kijiti husukumwa mpaka ncha yake ikaonekana, kikashikwa kwa koleo ndogo na kuvutwa. Pengine mwili huwa umekizungushia utando, na utando huo hukwanguliwa taratibu. Wakati wote huu mgonjwa husikia kusukumwa na kuvutwa, wala hasikii kukatwa. Akisikia kukatwa, ganzi haikutosha, naye ana haki ya kusema, na mkono wa mhudumu wapaswa kusimama.

Tano, mgonjwa huonyeshwa kijiti chenyewe, kizima, kikapimwa urefu wake, ili ajue kuwa hakikubakia kipande ndani. Kidonda hufungwa kwa plasta, na bendeji ya kukaza hutiwa juu yake. Kwa desturi hapana haja ya kushonwa.

Hayo ndiyo yote. Kijiti kilichotiwa sawasawa, mahali pake, chini ya ngozi tu, hutoka kwa dakika chache. Yule bwana aliyetuuliza tukamjibu: Hapana, si kuchinjwa. Aliyefanya ikafanana na kuchinjwa ni mwenye haraka.

KIJITI KISIPOSIKIKA

Mara chache kijiti hutiwa kwa kina kuliko ipasavyo, kikaingia kwenye msuli. Hapo vidole havikisikii kutoka nje. Upande huo wa mkono hupita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayokwenda mpaka vidoleni, na kukitafuta kijiti kwa kisu bila ya kujua kilipo ni hatari iliyo wazi. Katika hali hiyo mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa, kijiti kikatafutwa kwanza kwa vyombo. Baadhi ya aina huonekana katika eksirei, na nyingine hutafutwa kwa ultrasaundi. Kikijulikana kilipo, hutolewa na tabibu aliyezoea kazi hiyo.

Basi, bibi, ukiwa umelala juu ya kitanda na mhudumu akakuambia, "Sikisikii, lakini nitakitafuta," mwambie kwa adabu, "Ahsante, nipe barua ya kwenda hospitali kubwa." Na kazi ikiwa imekwisha kuanza, ukasikia uchungu mkali kama wa umeme ukiteremka mpaka vidoleni, au vidole vikafa ganzi ghafula, sema pale pale, usingoje. Uchungu huo ni habari anayoihitaji tabibu. Ukimnyima habari hiyo kwa kuona haya, utajidhuru nafsi yako, naye hatakuwa amejua.

Na kwa sababu hii hii twasema kwa nguvu: wembe wa nyumbani ni haramu ya akili kabla ya kuulizwa hukumu nyingine yoyote. Mtu hawezi kuona mshipa wake mwenyewe.

SUBIRA NA KUNYAMAZISHWA

Wako watakaotuambia, "Nyinyi mwawafundisha wanawake kudeka. Mama zetu walivumilia makubwa kuliko haya." Neno hili latakiwa kujibiwa, kwani limevaa nguo ya dini na ndani yake hamna dini.

Subira ni fadhila kubwa, na hapana Mwislamu asiyeijua daraja yake. Lakini subira ni ya lile lisilo na dawa, au la wakati ule dawa inapongojwa. Dawa ikiwa iko mezani, katika kichupa, hatua mbili kutoka kitandani, kisha mtu akamwambia mwenzake avumilie kisu kwa sababu yeye ana haraka, hiyo si subira. Subira hufanywa na mgonjwa kwa hiari yake mbele ya Mola wake. Mtu mwingine hawezi kumfanyia, wala kumtoza kama kodi.

Na tutazame jambo tunalolijua sote, hata watoto wetu wa chuoni. Dini yetu imetuamrisha, tunapochinja, tunoe kisu sawasawa na tumpumzishe mnyama, wala tusimtese. Mbuzi ambaye baada ya kitambo kidogo hatakuwa na uhai, tumeamrishwa tumhurumie uchungu wake. Basi itakuwaje tumfanyie ihsani mbuzi, kisha dada yetu, mama wa watoto wetu, atakayeamka kesho na mkono ule ule akapike na kufua na kubeba mtoto, tumkate ganzi haijashika?

Tena matabibu wa Kiislamu wa zamani hawakuyadharau maumivu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanuni alizitenga aina 15 za maumivu, na akataja dawa za kuyatuliza. Abulqasim al-Zahrawi wa Qurtuba, katika Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, alivichora vyombo vya upasuaji katika kitabu chake ili mwanafunzi avijue kabla ya kuugusa mwili wa mtu. Hawa hawakuwa na dawa ya ganzi tuliyo nayo leo. Dawa hiyo, iitwayo lidokeini, ilitengenezwa katika Sweden mwaka 1943, na leo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa ya anasa. Kupewa nafuu ambayo wao hawakuipata, kisha tusiitumie, ni kutoishukuru neema.

Na ikiwa siku hiyo ganzi imekwisha kliniki, basi jibu ni moja: asikatwe mtu. Apewe siku nyingine, au aelekezwe panapo dawa. Hapana hatari ya kifo katika kungoja siku chache.

HAKI ZA MWENYE MKONO

Kwanza, mwanamke aweza kutaka vijiti vitoke siku yoyote, muda uwe umekwisha au haujakwisha. Wengi hutaka kwa sababu ya damu isiyokuwa na mpango. Jambo hili kwa wengine ni dogo, lakini kwa mwanamke anayesali ni zito: hajui leo ni hedhi au ni istihadha, asali au aache, afunge au ale. Anaposema amechoka, asijibiwe kuwa avumilie mpaka miaka ikamilike. Ashauriwe kwa upole, aelezwe kama iko dawa ya kumsaidia, na akishikilia atolewe. Wengine hutaka kwa sababu wamekusudia kupata mtoto, na hao wajue kuwa uwezo wa kushika mimba waweza kurudi mapema sana, hata katika majuma machache ya kwanza. Na asiyetaka mimba, na amepatana na mumewe juu ya njia nyingine, aizungumze siku ile ile kabla hajatoka kliniki.

Pili, ana haki ya stara. Kazi hii yahitaji sehemu ya mkono tu, na hapana haja ya kuvua zaidi. Aweza kuomba ahudumiwe na mwanamke, na aweza kuomba dada yake au mumewe akae karibu naye. Maombi haya huyasema kabla, kwa utulivu, na mhudumu mwema hayaoni kuwa ni matusi.

Tatu, naye ana wajibu wake. Aende na kadi yake. Aseme kama aliwahi kudhurika kwa sindano ya ganzi, hata ile ya kung'olewa jino. Aseme kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande. Na aseme kweli anapoumia, asiongeze wala asipunguze.

BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Ganzi ikiisha, mkono huuma kidogo, na waweza kuwa na wekundu au weusi kwa siku chache. Dawa nyepesi za maumivu, kama vile parasetamoli, kwa kawaida zatosha. Bendeji ya kukaza huachwa kwa saa 24, na plasta ya ndani kwa siku 3 hadi 5, na mahali hapo pawekwe pakavu. Siku mbili tatu asibebe ndoo ya maji wala gunia, wala asitwange. Hapa mabwana mwaona kazi yenu ilipo.

Kwa habari ya udhu, kidonda kiko juu ya kiwiko, basi kilicho faradhi katika kuosha mkono hakikifikii. Na kwa josho, mwenye bendeji ana hukumu yake katika vitabu vya fiqhi, nayo ni hukumu ya wepesi. Amwulize mwalimu wake kabla ya siku ile, asije akaifungua bendeji kwa wasiwasi na kukilowesha kidonda kibichi.

Dalili za kurudi kliniki upesi ni hizi: uvimbe unaozidi badala ya kupungua, joto na usaha, homa, damu isiyokoma, au vidole vilivyokufa ganzi na kukosa nguvu. Dalili hizi zikitokea asingojewe mtu arudi safarini ili atoe ruhusa.

NENO KWA WATATU

Neno letu la kwanza ni kwa mabwana. Mkeo anapokuambia ameumia, usianze kutafuta kosa ni la nani. Vijiti vile havikuwa vyake peke yake. Faida yake mliipata wawili katika nyumba moja, na mzigo aliuchukua mkono mmoja. Nenda naye. Kaa nje kama huwezi kukaa ndani. Ukishindwa na yote, mpokee kwa kikombe cha maji na neno zuri. Vitu hivyo havina bei.

Neno la pili ni kwa vijana wetu, wa kiume na wa kike, wanaosomea uuguzi, ukunga na utabibu, nasi twajua kuwa baadhi yao husoma ukurasa huu. Twajua foleni ni ndefu, na mshahara mdogo, na pengine visu ni butu na dawa imechelewa. Hatuwalaumu kwa yasiyo mikononi mwenu. Lakini dakika zile za kungoja ganzi ishike ni zenu, na ulimi ni wenu. Swali la "Wasikia uchungu?" halinunuliwi dukani. Mgonjwa mmoja aliyetendewa vibaya huwatisha kumi, na hao kumi hukaa na vijiti vilivyokwisha muda mpaka mimba ikaingia bila ya kutazamiwa, au wakaushika wembe.

Neno la tatu ni kwa mabibi, mama na mashangazi. Msiwatishe wasichana kwa hadithi, wala msiwafiche. Mwambieni binti ukweli: iko sindano moja inayouma kidogo, kisha haipaswi kuuma tena. Akijua hivyo, atajua ni wakati gani wa kustahamili na ni wakati gani wa kusema.

Na sasa tumalizie habari ya wale ndugu wawili. Tuliyoyakusanya tulimpa yule bwana, naye akamsomea mkewe usiku mmoja, wakayarudia mara ya pili. Juma lililofuata wakaenda hospitali nyingine, watu watatu: mume, mke, na yule dada mkubwa, aliyesema kuwa hatamwacha mdogo wake aingie peke yake. Mume alikaa nje kwenye benchi. Ndani, mkunga mtu mzima alikitafuta kijiti kwa vidole, akakipata, akapiga ganzi, akaiweka sindano chini na kuanza kumwuliza habari za watoto, majina yao na madarasa yao. Kisha akamfinya, akauliza, "Wasikia, mwanangu?" Akajibiwa, "Kidogo, mama." Akangoja tena. Alipoambiwa "Sasa sisikii," ndipo alipoanza. Dakika chache baadaye kijiti kilikuwa juu ya kitambaa cheupe, na yule mdogo akauliza, "Wataanza lini?"

Dada yake mkubwa hakucheka. Alikitazama kile kijiti kitambo, akaushika mkono wake mwenyewe pale palipo na kovu, akasema, "Kumbe yangu hayakuwa na haja."

Twasikia kuwa mumewe alielezwa neno hilo, na kwamba siku ile ile alimtaka radhi mkewe kwa lile alilolisema zamani. Hili ndilo lililotufurahisha kuliko yote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, ailainishe mikono ya wanaowatibu, na atujaalie sisi masikio ya kusikia mtu anaposema ameumia. Amina.